Jino la Sakafu ya Bahari

Basi lilipotoka bandarini, fundi nyavu aliyeketi mbele yangu alikuwa ameshaanza kubishana na dada wa pembeni yake, wakati hata salamu zao hazijapoa.

"Chini ya bahari ni shamba, dada yangu. Tunaburuta wavu wenye minyororo, udongo unageuka, samaki wanakula. Minyororo yenyewe naifunga mimi."

"Kama ni shamba, kaka, mbona lile la zamani mmelihama?"

"Samaki waliisha."

"Ehee!"

Nilijifanya natazama dirishani. Basi zima lilijifanya hivyo hivyo.

Dada akatoa simu. Kazi yake ni kushusha kamera kilindini, na juzi aliishusha palepale walipopahama. "Kule gizani matumbawe yanakua polepole kuliko kucha zako. Mliyoyafyeka yaliota kabla ya babu wa babu yako."

"Babu yangu mwache apumzike."

"Basi tazama hapa."

Pichani, ndani ya mfereji uliochimbwa na minyororo, palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama jino la mtoto. Tumbawe changa.

Fundi akaitazama picha mpaka kioo kikazima. Akakigusa kiwake tena. "Kidole kimoja hakivunji chawa, dada."

"Hata wewe ulianza na jino moja."

Basi likasimama kituoni kwa fundi. Akashuka akitikisa kichwa, mbishi vilevile, kisha akarudi mbio akagonga dirisha.

"Lakini nahodha wangu akikuuliza hilo jino liko wapi, usimwambie!"