Benchi Lililoegemea Redio

—Elfu thelathini zako hupati, Fundi Cheche! Benchi gani limelala kama mgonjwa?

Asubuhi ilianza kwa maneno hayo ya Kinyozi pale kijiweni, hata vikombe vya kwanza vya kahawa havijapoa. Fundi Cheche, mchomeleaji asiyejua kupunja wala kunyamaza, alisimama akilitazama benchi lake. Siku ya kulikabidhi, fremu yake ilikuwa mraba, pembe zote sawa. Leo pembe zimepotoka, na benchi zima limeinamia mlango wa Kinyozi, ambako redio hutangaza mpira. Kinyozi huyo huyo ndiye aliyekusanya michango ya benchi, na ndiye anayeikalia, hataki kulipa.

—Chuma chako laini, Fundi, akasema Kinyozi. Samaki mkunje angali mbichi!

—Samaki anaingiaje hapa, we mtu? Nyie ndio mnaoegemea redio kutwa. Mmelipinda kwa masikio!

Friji, mmoja wa waliokaa benchini, akacheka. Walimpa jina hilo kwa sababu kazi yake maabarani ni kupoza vyuma kwa baridi isiyosemeka.

—Jamani, ugomvi huu hata sisi tunao. Kuna madini yenye chuma ndani. Ukiyapoza sana, umeme unapita bila kupotea hata chembe. Lakini kabla ya hapo, mengi yana vituko. Elektroni zinachagua upande, na miraba ya atomi inavutika kufuata upande huo huo.

—Nazo zina redio? akauliza Kinyozi.

—Hazina. Zinaanza kwa kusitasita, mara huku mara kule. Na atomi, ambazo hazijui kutulia, mtetemo wake mmoja unalegea. Ukizisukuma kidogo upande ule, zinaitika sana.

—Dalili ya mvua ni mawingu, akasema Mama Kahawa akimimina. Mimi naona ni sukari. Tangu niongeze sukari mnatikisa miguu, na benchi linatikisika nanyi.

—Basi alipe Mama Kahawa! Kinyozi akadakia. Akumulikaye mchana usiku hukuchoma!

—Nikuchome na birika sasa hivi, mwanangu?

Fundi Cheche alikuwa ameshika neno moja tu.

—Friji, rudia. Elektroni zinaegemea, chuma kinafuata. Si ndiyo?

—Wengi tunadhani hivyo, kaka. Ila zikishaanza, elektroni na atomi kila mmoja anamvuta mwenzake. Kumtenga mwanzilishi ni kazi.

Mteja mmoja mgeni, ndevu zake zikisubiri wembe, akainua kichwa.

—Samahanini. Kwani hapa nani aliegemea wa kwanza?

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Friji akakuna kidevu. Ndani redio ikapiga kelele za goli. Vichwa vyote vikageukia mlangoni kwa mpigo, na benchi likalia kwiii.

Fundi Cheche akanyoosha kiganja mbele ya Kinyozi.

—Aliyeegemea kwanza hajulikani. Aliyechomelea ni mimi. Elfu thelathini zangu.