Maman Kahambu, Aliyemhesabu Perla

Mama yetu mpendwa, Kahambu Alphonsine, alizaliwa Butembo, Kivu ya Kaskazini, tarehe 14 Mei 1958. Kwetu Wanande, jina la kuzaliwa linataja nafasi ya mtoto kati ya ndugu zake: Masika ni binti wa kwanza, na Kahambu huja baada ya dada kadhaa. Mtoto akifa, anayemfuata hachukui nafasi yake. Aliyekufa anaendelea kuhesabiwa. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililompeleka mama mbali.

Alisoma kwa watawa hapo Butembo na kupata diploma ya ualimu mwaka 1977. Alifundisha darasa la kwanza hadi vita vilipotufukuza, na hakuwahi kusahau jina la mwanafunzi, hasa la mtundu.

Mwaka 1980 alifunga ndoa na Papa Tharcisse, ambaye yuko hapa mbele na amenikataza kusema alikataliwa mara ngapi kabla ya kukubaliwa. Mungu aliwapa watoto watano. Wa pili, Bienaimé, alifariki kwa homa mwaka 1996 tukiwa njiani tunakimbia, tukamzika kando ya barabara. Mama akiulizwa ana watoto wangapi alijibu watano, na ole wake aliyethubutu kumsahihisha.

Tulifika Bruseli, Ubelgiji, mwaka 2001. Mama akawa mhudumu wa wazee, na kuanzia 2015 alimtunza Madame Berthe huko Uccle. Madame Berthe alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Anderlecht, mwaka 1937. Wazazi wake walikamatwa mwaka 1942, wakapelekwa na Wanazi kutoka kambi ya Malines hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz na kuuawa. Mbele ya nyumba yao ya zamani, mtaa wa Cureghem, kulikuwa na vijiwe viwili vya shaba vyenye majina yao, vimepachikwa kwenye njia ya miguu. Yeye mwenyewe aliwaambia watu wote kwamba alizaliwa peke yake.

Siku moja mwaka 2017, akimchana nywele, mama alimtania: "Donc wewe uko Masika wetu." Akamweleza maana yake. Kumpa mtu nafasi ya kuzaliwa kwa utani ni kosa ambalo Mnande peke yake angelifanya. Madame Berthe akasema, "Hapana. Masika ni Perla."

Perla alikuwa dada yake mkubwa, mwenye miaka minane wakati ule. Wazazi walimficha Berthe kwanza, kwa familia ya wakulima kule Ardennes, na Perla alipaswa kufuata wiki moja baadaye. Waliokuja kuwakamata hawakusubiri. Berthe alipewa jina jingine, akafundishwa kusema hana dada, asije akajiponza. Vita vikaisha, lakini maneno yale yalibaki mdomoni. Alimwambia mama kwamba Wanazi walimuua Perla na yeye akamfuta, na kwamba aliogopa kufa kabla hajalirekebisha hilo.

Mama alimjibu: "Maman Berthe, ulisema vile juu uishi. Sasa sema ya kweli. Mutoto aliyekufa anahesabiwa."

Mama yetu akishika jambo, hasa jambo la mtoto, haliachi. Alimsukuma Madame Berthe kwenye kiti cha magurudumu hadi makumbusho ya kambi ya Malines, ambako jina la Perla lilikutwa kati ya waliosafirishwa. Kisha akaiandama jumuiya inayoweka vijiwe. Walipomwambia foleni ni ndefu, alipiga simu kila Jumatatu, mpaka wakamtambua kwa kikohozi kabla hajataja jina.

Kijiwe cha Perla kiliwekwa tarehe 12 Mei 2019, kando ya vile vya wazazi wake. Akina mama wa kanisa walitoka Matonge, mtaa wa Wakongo, na vitenge vyao. Madame Berthe alisoma kwa sauti: "Hapa aliishi Perla Zylber." Mama akashindwa kujizuia, akapiga vigelegele. Sisi watoto tulitaka ardhi itumeze. Madame Berthe akaomba arudie. Akarudia, akina mama wote wakaitika, na madirisha ya barabara nzima yakafunguka. Waliomuua Perla walitaka isijulikane kamwe kwamba alizaliwa. Siku hiyo walishindwa, na sisi tulikuwepo.

Madame Berthe alifariki mwaka 2021, moyo wake ukiwa mweupe. Mama aliendelea kusugua vijiwe vitatu kwa limau na chumvi. Mjomba wetu wa kanisani, Tonton Sylvestre, alimkuta siku moja amepiga magoti pale njiani, akamuuliza amepoteza nini. "Sijapoteza kitu, tonton," mama akasema. "Naosha mutoto."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alivumilia kusafishwa damu hospitalini huku akiwapa wauguzi majina ya Kinande, kila mmoja kwa nafasi yake ya kuzaliwa. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025, Papa akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Papa Tharcisse, na wajukuu saba. Watoto wake ni watano: Gracieuse Masika, ninayewasomea haya, Bienaimé, Ghislain, Priscille na Junior. Nimesema watano. Tukitoka makaburini tutapita Cureghem kabla ya kwenda kula, na atakayeuliza nyumba ile ilikuwa na mabinti wangapi, ajibiwe: wawili, na wa kwanza ni Perla.

Mama Kahambu, lala kwa amani ya Bwana. Malimau tunayo.