Rosalba Lakica, Aliyekwenda Kuishi Peke Yake Agoro

4 Mei 1959 – 11 Juni 2024

Rosalba Lakica alizaliwa Jumatatu, tarehe 4 Mei 1959, katika kambi ya polisi ya Naguru, Kampala, mtoto wa pili wa Koplo Ochan na Bi Lakot, wote wawili wenyeji wa Agoro, Lamwo, kaskazini mwa nchi. Kambini familia ziliishi chumba kimoja kimoja, na kikohozi cha jirani kilisikika kama cha mtu wa ndani. Mwaka 1972 Koplo Ochan aliondoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi. Hakuna aliyekuja kueleza. Baada ya muda familia iliambiwa ihame, ikapata chumba Namuwongo, kando ya reli, ambako Bi Lakot aliuza samaki wakavu.

Chumbani walilala watu saba. Rosalba alizoea kutoweka jioni, na mdogo wake Okwera, anayewasomea maneno haya, ndiye aliyetumwa kumtafuta. Alimkuta siku zote mahali pamoja, ndani ya behewa bovu la mizigo, amekaa sakafuni, amekumbatia magoti yake.

"Unamkimbia nani?" Okwera alimuuliza siku moja.

"Simkimbii mtu. Nakaa tu."

Rosalba alisoma shule ya msingi Naguru, kisha sekondari huko Old Kampala, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Walimu walimsifu kwa utulivu na kumlalamikia kwa jambo hilohilo.

Mwaka 1981 alijiunga na polisi, na kuanzia mwaka 1984 alipewa kiti katika chumba cha simu za dharura mjini Kampala. Alikaa kwenye kiti hicho miaka thelathini. Waliofanya kazi naye wanasema hakuwahi kupandisha sauti. Mtu akipiga simu akilia, yeye alishusha sauti zaidi, mpaka yule wa upande wa pili anyamaze ili amsikie.

Hivyo ndivyo alivyokutana na mumewe. Mwaka 1986 lori la mafuta ya kupikia lilipinduka karibu na reli ya Namuwongo, na utingo akabanwa mguu. Dereva, Yasiin Sebit, kijana wa familia ya Wanubi wa Old Kampala, alikimbilia simu ya mlinzi wa kiwanda.

"Usikate simu," sauti ilimwambia. "Gari liko njiani. Mwambie mwenzako hivyo, na umwite kwa jina lake."

Utingo alipona. Wiki iliyofuata Yasiin alikwenda kituoni na mfuko wa karanga za kukaanga kumshukuru yule mama wa simu. Akaja mbele yake msichana mwembamba, kichwa kimeinama. Yasiin alimwambia anamtafuta mtu mwingine, mtu mzima.

"Unamtafuta nani?" Rosalba aliuliza, na Yasiin akaijua sauti papo hapo.

Walifunga ndoa kwa mkuu wa wilaya, Jumamosi tarehe 9 Januari 1988, kila mmoja akabaki na dini yake. Walijaliwa watoto wawili, Safinah na Jibril, wakawalea katika fleti ya Bugolobi. Ilikuwa nyumba yenye wageni wengi. Wanubi wakija hawaji mmoja, na ndugu wa Lamwo waliokimbia vita walilala sebuleni miezi kadhaa. Rosalba aliwapikia wote. Wageni wakishaondoka alikaa bafuni, mlango umefungwa, maji hayajafunguliwa, na watoto walijifunza kutomgongea.

Mwaka 2011, wakati wa mvua kubwa, alipokea simu ya msichana aliyefungiwa na moto ndani ya nyumba. Gari la zimamoto lilikuwa limeshatoka, lakini barabara ilikuwa chini ya maji. Rosalba alizungumza naye hadi mwisho. Nyumbani hakusema neno, na Yasiin alifahamu habari hiyo miezi mingi baadaye, siku moja wakipukuchua mahindi.

"Nilikuwa nimemuuliza jina," alimwambia. "Alianza kulitaja."

Kisha akachukua hindi jingine.

Rosalba alifanya kazi miaka mitatu tena, akastaafu mwaka 2014. Sasa simu yoyote ikilia fletini aliifunika kwa mto. Sokoni mtu akiita "Mama!" alisimama kama aliyeitwa yeye, hata kama aliyeita ni mtoto wa mwingine. Januari 2015 alimwambia mumewe kwamba anakwenda kuona ardhi ya babu yake chini ya milima ya Agoro, ardhi iliyogeuka pori tangu watu walipokimbilia makambi ya wakimbizi wakati wa vita. Alisema atakaa wiki mbili. Pasaka ilipita akiwa huko.

Majirani wa Bugolobi walipouliza, Yasiin aliwaambia mke wake anamuuguza shangazi. Alilisema hilo karibu mwaka mzima. Kisha akapanda basi kwenda kumchukua. Kutoka barabarani alitembea kwenye majani yaliyompita kichwa, akamkuta ameezeka kibanda na kulima kipande cha mtama. Amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, viganja vimepasuka. Alimpikia mumewe, akamtandikia mkeka mahali pazuri.

"Mama Safinah, twende nyumbani," Yasiin alimwambia asubuhi.

"Baba Safinah, hapa hakuna anayeniita."

"Na mimi je? Mimi nikuite nani?"

Rosalba alimsindikiza hadi barabarani, akambebea mfuko wake, akasimama naye mpaka basi lilipokuja. Kisha akageuka, akarudi.

Tusiseme kwamba aliishi raha. Upepo uling'oa paa lake mara mbili. Tembo waliotoka hifadhini walikanyaga mtama wote, na mwaka huo alikula mboga za porini hadi jirani yake wa karibu, mfuga nyuki anayeitwa Opoka, alipomletea unga. Jibril alipomtembelea alishtuka kuona mama yake anatafuta maneno, kama mtu anayezungumza lugha aliyojifunza ukubwani.

Jambo lililoiumiza familia zaidi ni nikaha ya Safinah, Old Kampala, mwaka 2018. Rosalba aliahidi kuja. Alifika hadi stendi ya basi ya Kitgum, amevaa gomesi yake, gauni la sherehe, akaukuta umati, akageuka. Watu walikula pilau huku Yasiin akijibu mmoja mmoja kwamba mama wa bibi harusi yuko njiani. Safinah hakumtaja mama yake kwa miaka mitatu.

Mwaka 2021 Safinah alikwenda Agoro mwenyewe, na mtoto wake Husnah mgongoni. Rosalba alimpokea mjukuu, akamkagua vidole, akamnusa kichwani. Walikaa siku mbili. Wakati wa kuaga Safinah aliuliza alichokuwa amekibeba muda wote huo.

"Mama, kwani sisi tulikukosea nini?"

"Hamkunikosea. Nikikaa na watu, kila nikisikia mtu, nasikia anataka kuokolewa. Hata wewe. Hata huyu," akimwonyeshea mtoto kidole. "Huku nasikia upepo, nalala."

Safinah anasema alilielewa jibu hilo. Anasema pia kwamba halikumsaidia.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2024 Opoka alipanda kilima kutafuta mtandao, akampigia Yasiin.

"Mzee, mama iko mgonjwa. Moshi yake haiko tangu juzi, nikaenda kuona. Tumbo imevimba."

Alimtoa porini kwa pikipiki, amemfunga mgongoni pake kwa shuka, hadi hospitali ya Kitgum. Yasiin aliyekuwa ameshaanza kuumwa mguu alisafiri kwa fimbo, akamleta Kampala. Madaktari walikuta saratani ya ini iliyokwisha kuenea, wakashauri apelekwe nyumbani. Alirudi Bugolobi, kwenye chumba chake cha zamani, na chini ya dirisha palikuwa na magari, wauza matunda na watoto wa shule.

Alikuwa na ombi moja, nalo alilirudia kila siku: arudishwe Agoro afie huko. Safinah alilia. Jibril aliuliza bei ya ambulensi. Yasiin aliwaomba watoto watoke, akakaa kitandani.

"Ulipata ulichokifuata kule?" alimuuliza.

Rosalba alifikiri. "Siku nyingine."

"Miaka tisa nimekuachia, Rosalba. Hizi zilizobaki niachie mimi."

Rosalba aliugeukia ukuta.

"Basi funga dirisha," alisema.

Yasiin alilifunga, na halikufunguliwa tena. Kuanzia hapo Rosalba hakuiomba Agoro, na kila mtu ndani ya nyumba alijua alichonyimwa. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni, mchana. Yasiin alikuwa ametoka kuswali adhuhuri na Safinah alikuwa jikoni akimpozea uji. Chumbani hapakuwa na mtu.

Wazee wa ukoo walitaka azikwe Agoro, na walikuwa na haki. Yasiin aliwaeleza kwa simu kwamba mguu wake hautamfikisha huko tena, na kwamba anaomba kaburi analoweza kulifikia. Walikubali. Ndiyo maana leo tuko hapa Kasangati, nje kidogo ya Kampala.

Marehemu ameacha mume, Yasiin Sebit, watoto, Safinah na Jibril, mjukuu, Husnah, na mdogo wake, Okwera. Ameacha pia rafiki, Opoka, aliyesafiri siku mbili kufika hapa na ambaye familia inaomba apewe nafasi mbele.

Baada ya sala hapatakuwa na hotuba. Tunawaomba kila mmoja aweke udongo wake na kuondoka taratibu, bila wimbo. Magari yatasubiri barabarani. Yasiin atabaki nyuma kidogo, na tunaomba asiitwe.

Mungu ampe Rosalba mahali pake, na amwache apumzike.