Siku Tisa Bila Kumtazama Luminița

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Luminița Botnari, mtoto wa hapa kwetu, nje kidogo ya mji wa Soroca. Alikuwa na miaka sita. Alifariki Mei mwaka jana, katikati ya korona. Lakini hakufa kwa korona.

Alilelewa na bibi yake, Agafia, pamoja na dada yake Doina, wa miaka kumi na moja. Mama yao, Rodica, anatunza wazee Italia. Mipaka ilipofungwa, mama akabaki kwenye simu.

"Akipiga tu, 'Nipe Luminița,'" Doina aliniambia. "Mimi naulizwa kama nimelisha kuku."

Kifurushi cha mwisho cha mama kilileta buti nyekundu. Jozi moja. Za Luminița.

"Hazikutoshi, da Doina! Una miguu ya bata!" alimtania, akirukaruka uani.

"Zikubane hizo!" Doina akajibu, amemkazia macho.

Wiki hiyo hiyo Luminița akaanza kuumwa kichwa. Akatapika. Akawa analala mchana kutwa. Kituo cha afya wakampima korona. Hana. Akarudishwa nyumbani.

Bibi Agafia akafanya tunachofanya sote hapa. Alichoma njiti tisa za kiberiti, akazitumbukiza majini. Zikazama. "Ni jicho," akasema. "Mtoto katazamwa na mwenye husuda." Akamnywesha mafunda matatu ya maji yale, akamfunga uzi mwekundu mkononi.

Doina alikuwa amesimama mlangoni. Alijua ni jicho la nani.

Hakusema. Aliamua tu kutomtazama tena mdogo wake. Siku tisa. Walilala kitanda kimoja, yeye kageukia ukuta.

"Akaniita," anasema Doina. "'Da Doina, nitazame. Mbona nakuona wawili?' Nikamwambia, 'Nyamaza. Nikikutazama utazidi kuumwa.'"

Siku ya kumi shingo ilikuwa imekakamaa. Wakampeleka hospitali kubwa ya mji mkuu, Chișinău. Huko daktari aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: nani nyumbani alikuwa akikohoa?

Babu yao. Alikohoa tangu mavuno ya zabibu mpaka akafa, kabla ya Krismasi. Tulisema ni tumbaku. Daktari anaamini kilikuwa kifua kikuu, na mtoto alikipata kwake. Kikafika kwenye utando wa ubongo. Narudia: kifua kikuu, kwenye utando wa ubongo. Si korona. Si jicho.

Simlaumu Bibi Agafia. Juzi nami nilichoma njiti tisa nyumbani kwangu, ambako hakuna mgonjwa. Saba zilizama.

Mama hakuweza kuja mazishini. Doina ndiye aliyeshika simu. "Mama akasema, 'Sogea, mwanangu, nionyeshe uso wake.' Ikabidi nimtazame." Akaongeza: "Hata siku hiyo alimtaka yeye. Bado namwonea wivu."

Rodica, Bibi Agafia, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, mtoto akiumwa kichwa siku nyingi, akitapika, akisinzia ovyo, mpelekeni hospitali. Akirudishwa, mrudisheni tena. Na semeni nani anakohoa nyumbani.

Bibi ametundika picha ya Luminița kwenye ukuta ule ule. Doina bado hulala amegeukia huko. Doina, mwanangu, najua unanisikiliza. Macho yako hayakumdhuru. Alikuomba umtazame. Mtazame.