Grafu Isiyo na Namba Pembeni

Mama wenzangu, kabla hamjarusha picha kwenye grupu, sikieni yaliyomkuta Domina mwaka ule wa barakoa.

Treni aliyopanda imetoka kituo cha Seven Hills, huku ughaibuni. Kiti cha mbele yake, nesi Mkenya anamwonyesha kijana Mtanzania grafu ya korona. "Ona vile imepanda, bana! Si hii ni ukuta?"

"Dada, imeanzia ngapi? Ikianzia mia tisa ikaishia mia tisa hamsini, hata kichuguu kinakuwa mlima. Anzia sifuri uone mstari unavyolala."

"Na wagonjwa wangu wamelala. Uwaambie ni mstari?"

Kijana akacheka, akaivuta picha kwa vidole. "Namba za pembeni zimekatwa. Kakutumia nani?"

"Imezunguka magrupu yote."

Domina akachungulia, akapandisha barakoa mpaka machoni. Ni yeye aliyeikata akairusha kwenye grupu la familia, ili mstari uijaze simu ya bintiye Frida, aogope, asiende kazini. Na Frida ameacha kazi.

"Basi aliyeikata atuambie ilianzia ngapi," nesi akasema, akiinuka. Treni ikasimama Westmead, kituo cha hospitali.

Hata Domina angetaka kujua. Wakati anakata, hakuziangalia zile namba.