Sukari Imekwenda Wapi

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu?

Mwalimu: Sauti ya mke wa kaka yako umeshaisahau?

Fundi: Aa, shemeji. Shikamoo. Kioo cha simu kimepasuka, sioni jina. Habari za shule?

Mwalimu: Marahaba. Shule salama. Kaka yako yuko wapi?

Fundi: Kaka? (mkwaruzo) Leo sijamtia machoni.

Mwalimu: Na jana?

Fundi: Jana tulikuwa wote hapa karakana. Kuna jenereta moja sumbufu, tumeshinda nayo kutwa.

Mwalimu: Kutwa nzima.

Fundi: Hata kula hatukula.

Mwalimu: Nilipita hapo mchana. Kufuli mlangoni, kubwa kama kichwa cha mbuzi.

Fundi: Haloo? Mtandao huu, shemeji—

Mwalimu: Mtandao mzima. Nani huyo anayekohoa?

Fundi: Mteja. Kaleta mashine yake.

Mwalimu: Haya. Mtu wa vijiko vitatu vya sukari tangu namjua, ghafla chai bila sukari. Mkate hataki. Jana kaondoka na njaa. Karudi jioni, binti yetu kamfuata kumwamkia, na tumbo lake lile la kukaribia kujifungua, baba mtu anarudi nyuma: "Usinisogelee." Usiku kalala sebuleni. Anaitwa nani huyo mwanamke?

Fundi: Hakuna mwanamke, shemeji.

Mwalimu: Sasa anakonda kwa ajili ya nani?

Fundi: Hakondi kwa—

Mwalimu: Na mwanangu kamkosea nini, mpaka amkimbie kama—

Fundi: Si aliambiwa asikae karibu na mjamzito mpaka kesho yake.

Mwalimu: Aliambiwa na nani?

Fundi: Na... watu.

Mwalimu: Njia ya mwongo fupi, shemeji. Yako imeishia hapo.

Fundi: Salio langu linakwi—

Mwalimu: Nimepiga mimi. Salio ni langu, na lipo.

Fundi: (anashusha pumzi) Jana tulikuwa hospitali, walimchoma sindano ya sukari. Ina mionzi kidogo, ili ionekane kwenye picha. Ndiyo maana hakula, ndiyo maana akamkwepa binti. Daktari kaeleza vizuri tu, nikaona kama anazungumzia injini. Kuna chembe, alisema, mitambo yake ya ndani imebadilika. Zinakula mafuta mengi, nguvu inayotoka kidogo. Kwa hiyo sukari ikiingia mwilini, zenyewe ndizo zinazoifakamia, na pale zilipo—

Mwalimu: Mitokondria.

Fundi: Hilohilo neno.

Mwalimu: Nalifundisha kila mwaka. Nachora ubaoni kitu kama punje ya haragwe, nawaambia hili ndilo jiko la seli. Jiko likiwa zima, sukari kidogo na hewa, nguvu tele. Likibadilika, seli inachachusha sukari tu, hata hewa ikiwepo. Haishibi. Inataka nyingine, na nyingine. (mkwaruzo) Nawatajia na ugonjwa wenye seli za tabia hiyo, saratani. Wanaandika.

Fundi: Shemeji.

Mwalimu: Bora angekuwa mwanamke.

Fundi: Alitaka binti ajifungue kwanza, ndipo aseme.

Mwalimu: Hiyo sukari iling'aa wapi?

(kikohozi, mbali na simu)

Mwalimu: Huyo mteja wako. Kikohozi chake nimelala nacho miezi. Nikajiambia ni vumbi la karakana.

Fundi: Kifuani. Sehemu moja tu, haijasambaa. Wiki ijayo anaanza dawa.

Mwalimu: Sehemu moja.

Fundi: Moja, naapa.

Mwalimu: Usiape, umeshasema mengi leo. Weka sauti kubwa.

Fundi: Nimeweka.

Mwalimu: Mteja. Kuinyima chai sukari si kuzinyima hizo seli. Zitachota damuni. Utakonda wewe, zenyewe zinenepe. Ninaogopa, unasikia? Naogopa sana, na ulitaka niogope peke yangu baadaye, wewe uogope peke yako sasa. Nimebandika maji jikoni.

(kikohozi, karibu na simu)

Mteja: Vijiko vitatu?

Mwalimu: Vitatu, mwongo mkubwa wewe. Na hiyo wiki ijayo mdogo wako abaki na jenereta yake, tutakwenda mimi na—

Mteja: Haloo? Mama watoto?

Fundi: Salio lake limekwisha, kaka. Chukua koti.