Mama Msajili Aligoma Kusaini

Kama nilivyowaambia wenzangu wa ofisini pale kwenye chai, kazi hii ya kumwandikia Mama Msajili maneno ya kumuaga mngempa mtu mwingine. Nimeolewa juzi tu. Kila nikishika kalamu najikuta naandika habari za mume wangu. Lakini nitajikaza. Mama Msajili anastaafu tarehe tano mwezi huu, baada ya kutumikia ofisi yetu miaka thelathini na mmoja.

Alianzia kaunta ya vyeti vya kuzaliwa, akapanda hadi kuwa msajili wa ndoa. Bwana harusi mmoja alimletea kitambulisho kilichofuliwa pamoja na suruali. Mama akasema sura ile hata bibi harusi asingethubutu kuiapia. Walicheka, ila walirudi na kipya. Siku nyingine alimwomba baba mmoja mkali atoke nje kidogo, binti ajibu mwenyewe kama anataka kuolewa. Binti akajibu hataki. Ndoa hiyo haikufungwa, na Mama huitaja kwa fahari kuliko zote alizofungisha.

Sasa nisiposimulia ya kwangu nitapasuka. Sheria inataka ndoa ifungwe mlango ukiwa wazi, ili mwenye pingamizi aingie aseme. Mimi ndiye ninayewaeleza maharusi jambo hilo kila siku, tena kwa sauti ya mjuzi. Siku yangu ilipofika, upepo wa koridoni ulinipeperushia shela, mpiga picha akanuna. Nikamkonyeza dada yangu, akaufunga mlango, tena kwa ufunguo.

Nikaapa, machozi yakinilenga, kwa ile sauti ya kutetemeka niliyoifanyia mazoezi kwenye kioo. Mama Msajili akainua kalamu asaini cheti, akasita. Kelele za foleni ya nje hazikusikika; akautazama mlango. Akaiweka kalamu chini. "Mwanangu," akasema, "hapo bado u mchumba tu."

Mume wangu, yaani mchumba wangu, akaniuliza kwa unyonge kama nimeghairi. Mama akainuka, akaufungua mlango, akauzuia kwa kiti chake mwenyewe, akatuapisha upya akiwa amesimama. Foleni nzima ilichungulia. Mzee mmoja akauliza kama hapa ndipo wanapopokea picha za pasipoti. Picha zangu zote za kiapo zinaonyesha shela iliyosimama na bwana harusi. Uso wangu haupo hata kwenye moja.

Mama, ungeweza kunifumbia macho, mimi mtu wa ofisini kwako, na nisingejua kama cheti changu kingesimama siku kikihojiwa. Ukagoma. Ndiyo maana kila asubuhi naamka mke wa mtu kweli kweli, na namwamsha mwenye mke kumkumbusha.

Asante, Mama. Nenda kapumzike, afya ikukae mwilini na kicheko nyumbani. Sisi wawili tutabisha hodi kwako kabla mwezi huu haujaisha.